Maombi Niliyoyatoa kwa Sauti

Nesi wa dispensari yetu alinipa kazi mbili tu za kila Jumanne: kumshika mtoto wa watu ili mama yake apumzike, na kufunga mdomo. Ya kwanza niliifanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Ya pili ndiyo naandika habari yake hapa, kwa sababu wajukuu wangu wameniuliza kwa nini siendi tena ng'ambo ya mto, na nimewajibu kwamba miguu imechoka. Miguu yangu iko sawa.

Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya shule ya bweni, mbali na kwetu Mwala. Niliosha vioo, nikapanga chupa za kemikali, nikaandaa vifaa vya mitihani. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, lakini nyumbani watu waliniita mwalimu na sikuwasahihisha hata siku moja. Nilikuja mwisho wa mwezi. Mke wangu alilea watoto watano peke yake, wawili wao mapacha. Wakati mmoja, mapacha wakiwa hata hawajaanza kutambaa, nilimkuta ameketi jikoni, moto umezima na muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, uko mbichi kwenye sufuria. Akaniambia amechoka. Nikamwuliza amechoka na nini, na mimi ndiye nimetoka safari. Hakulisema tena neno hilo mbele yangu, nami nikadhani uchovu ulikuwa umeisha.

Alipofariki nilikuwa nimestaafu, nikawa na siku nyingi za kukumbuka jikoni ile. Kwa hiyo Jumapili moja, nesi aliposimama baada ya misa akasema anatafuta watu wa kujitolea kutembelea wazazi wenye watoto wadogo, wazazi waliolemewa, saa mbili kwa wiki, niliinua mkono. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja mcheshi ambaye ni rika langu, aligeuka kwenye benchi.

"Mwalimu, mtoto akilia njaa utamnyonyesha nini?"

Kanisa lote lilicheka, hata padri. Nami nilicheka, lakini mkono sikuushusha.

Tulifundishwa siku tano kwenye veranda ya dispensari, kina mama tisa na mimi. Hatukufundishwa dawa. Tulifundishwa kusikiliza, na nesi alisema wazee ndio wanaoona kusikiliza ni kugumu zaidi. Alitufundisha kwamba mtoto akilia mpaka mzazi ahisi anataka kumrusha, jambo la kufanya ni kumlaza mahali salama, kufunga mlango, na kwenda mbali kidogo mpaka pumzi irudi. Kulia hakuui mtoto, alisema. Na sheria ya mwisho ilikuwa kwamba ulichoambiwa kwenye nyumba ya mtu kinabaki huko. Ukiogopea usalama wa mtoto, unamwambia nesi peke yake. Niliandika hayo yote kwenye daftari langu, na chini ya "peke yake" nikapiga mstari kwa rula. Kazi ya maabara humfanya mtu apende rula.

Nyumba niliyopewa ilikuwa ng'ambo ya mto, juu kidogo ya bwawa la mchanga, pale ukuta ulipojengwa mtoni kuzuia mchanga na maji, tunakochota wakati wa kiangazi. Mama mwenyewe alikuwa msichana wa Tala, wa miaka ishirini na kidogo, aliyeolewa huku kwetu. Mumewe alikuwa fundi wa mawe huko Mavoko, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikuwa na miezi minne, na alikuwa mtoto wa kulia. Alianza saa tisa mchana na hakunyamaza mpaka giza liingie. Waliishi boma moja na mama mkwe, mjane mwenye mbuzi wengi na maneno mengi.

Siku ya kwanza mama mkwe ndiye aliyenipokea.

"Karibu mwalimu. Nasikia umekuja kufundisha watu kubeba watoto."

"Nimekuja kusaidia kidogo tu."

"Mimi nilizaa saba, na hakuna mzee alikuja kunisaidia." Akafikiri kidogo. "Labda ndio maana wakawa saba tu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amchukie. Alinipa chai kila nilipokwenda, na mjukuu wake alimpenda kupita kiasi. Ila aliamini kwamba mwanamke anayesema amelemewa ana kitu kingine anachoficha, na hilo hata mimi niliwahi kuliamini, kwa hiyo simlaumu sana.

Wiki tatu za kwanza niliharibu. Nilimpa yule msichana ushauri: ampe mtoto maji vuguvugu, ambebe mgongoni, asimlaze ubavu. Alinisikiliza ametazama chini. Wiki ya tatu akasema, bila hasira, "Umau, hayo yote susu wake ashaniambia. Wewe nishikie tu."

Umau ni babu kwa lugha yetu, na susu ni nyanya. Nilipenda jinsi alivyoniita hivyo. Tangu siku hiyo nilimchukua mtoto, nikamzungusha bomani kumwonyesha mbuzi, na kwa kuwa sijui nyimbo za watoto nilimsomea orodha ya elementi nilizokuwa nikizibandika kwenye ukuta wa maabara. Haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu. Tukifika salfa alikuwa ametulia, ananitazama mdomo. Mama yake alilala saa nzima kwenye mkeka. Siku moja aliamka akatusikia.

"Huyu mtoto atakuwa daktari kwa lazima," akasema, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Jumanne iliyofuata hakutaka kulala. Mama mkwe alikuwa amepeleka mbuzi mbali. Aliketi kwenye kigoda, mtoto mikononi mwangu, akaniambia kilichotokea jana yake. Mtoto alilia tangu mchana, na yeye hakuwa amelala siku mbili. Akahisi mikono yake inataka kumtupa. Si kwamba alifikiria kumtupa, alisema, mikono yenyewe ndiyo iliyotaka. Akamlaza katikati ya kitanda, akaweka mito pande zote, akafunga mlango, akashuka hadi kwenye bwawa. Akakaa kwenye mchanga mpaka akaacha kusikia kilio. Halafu ule ukimya ukamwogopesha kuliko kilio, akapanda mbio, akakuta mtoto amelala.

"Mimi ni mtu mbaya, umau?"

"Hapana. Ulifanya vile tulivyofundishwa kuwaambia wazazi wafanye. Ulifanya kabla ya kuambiwa."

Nikamwambia kuna nesi anayejua mambo haya, kwamba ni ugonjwa unaowapata mama wengi baada ya kuzaa, na una matibabu. Akakubali kwenda. Kisha akashika mkono wa shati langu.

"Lakini mama mkwe asijue. Mama akijua, huyu si mtoto wangu tena. Watamchukua."

Nikamwambia, "Hakuna mtu atasikia kutoka kwangu." Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno.

Nilimpigia nesi nikiwa njiani. Alikuwa Machakos mjini kwa mafunzo, atarudi mwisho wa wiki. Akaniambia nimlete mama huyo Jumatatu asubuhi, na kama kitu kitabadilika kabla ya hapo nimpigie saa yoyote. "Na mzee," akasema, "hii ni yangu na yako." Nikajibu, "Ndiyo, sista."

Jumamosi alasiri tulikuwa na jumuiya. Kwa asiyejua, jumuiya ni familia kumi hivi za jirani zinazokutana kila wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tunasoma Injili, tunazungumza kidogo, halafu kila mtu anatoa ombi lake kwa sauti na wengine wanaitikia. Mimi nilikuwa na sifa ya kuomba vizuri. Watu walisema mwalimu akiomba hata mvua inasikiliza. Siku hiyo moyo wangu ulikuwa mzito kweli. Nilikuwa nimebeba lile jambo siku nne, sijalala vizuri, na niliona kumwambia Mungu si kumwambia mtu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza baadaye. Lakini nimezeeka sana kuandika nusu ya ukweli. Ndani ya huzuni ile kulikuwa na utamu, utamu wa kujua jambo ambalo wengine chumbani hawalijui.

Nikafumba macho nikasema, "Tumwombee mama mmoja kijana, ng'ambo ya mto, ambaye mikono yake inajaribiwa juu ya mtoto wake mchanga. Bwana amwokoe mtoto huyo, na amponye mama yake."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia wote.

Sikutaja jina. Ng'ambo ya mto kuna nyumba sita, na mtoto mchanga alikuwa mmoja tu.

Tulipokuwa tukinywa chai mwenyekiti alikuja karibu nami. Hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, ni yule wa Tala?"

"Mimi sijataja mtu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Nami nilikuwa nimemjibu, na nilijua. Ningeweza kumshika mkono palepale, nimwombe kwa jina la rafiki yake aliyekuwa mke wangu kwamba asiseme kitu mpaka Jumatatu. Niliona haya kukubali nimekosea. Nikaongeza sukari kwenye chai.

Jumapili baada ya misa nikaitwa kule bomani kwao. Mume alikuwa amekuja wikendi ile, na baba yake mdogo, ndugu wa marehemu baba yake, ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Viti viliwekwa kivulini nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa leso, na macho yake yalikuwa mekundu. Msichana alikaa chini kwenye mkeka. Niliposalimia, alinitazama mara moja tu. Nilitamani angenitukana.

"Mwalimu," baba mdogo akasema, "wewe ni mtu wa kanisa na ni mtu mzima. Tumesikia maneno. Hatutaki ya kusikia, tunataka yako. Huyu alikuambia anataka kuua mtoto?"

"Hapana. Hakusema hivyo."

"Alisema nini?"

Hapo ningeweza kukataa. Nesi alikuwa ametufundisha hata namna ya kukataa: mwambie mtu aende kwake. Lakini nilikuwa mbele ya wazee wa nyumba nyingine, nimepewa kiti kizuri, nimeulizwa kwa heshima, na kwetu mtu hakai kwenye kikao cha watu akawanyima jibu. Nikasema alihisi mikono yake inataka kumtupa.

Mama mkwe akaguna, akarudi nyuma hatua moja na mtoto.

"Umau," msichana akasema, sauti ndogo, "waambie nilimweka chini."

"Ndiyo," nikasema. "Alimweka chini. Kitandani."

"Halafu?" baba mdogo akauliza.

"Akaenda mtoni."

"Akamwacha peke yake ndani ya nyumba, amefunga mlango?"

"Ndiyo, lakini—"

"Asante, mwalimu. Inatosha."

Ile lakini ilikuwa na mambo yote. Ilikuwa na mito aliyoipanga pande zote, na mbio za kupanda kutoka bwawani, na kwamba alifanya jambo sahihi ambalo mimi mwenyewe nililiandika kwenye daftari. Ilikuwa na Jumatatu, iliyokuwa kesho. Nilifungua mdomo tena, na baba mdogo akainua kiganja bila kunitazama, kwa adabu, kama mtu anayefunga lango taratibu. Nikanyamaza. Hao si watu wangu, nikajiambia, kikao kina mwenyewe. Siku niliyotakiwa kunyamaza niliongea, na siku niliyotakiwa kupiga kelele mpaka nitolewe bomani, nilikuwa na adabu.

Wakaamua mtoto aende kwa shangazi yake aliyeko Syokimau, mtu mwenye nyumba nzuri asiyejaliwa mtoto. Msichana arudi kwao Tala apumzike mpaka akili itulie. Mume alikuwa akichora ardhi kwa kijiti, na nilimjua, kwa sababu alikuwa mimi wa zamani.

"Ananyonya," msichana akasema. "Hajui chupa."

"Atajua," mama mkwe akasema, na hapo akaanza kulia yeye.

Gari la shangazi lilifika jua likiwa bado juu. Sikuwa na ujasiri wa kuondoka wala wa kubaki, kwa hiyo nilikuwa nimesimama kando ya zizi la mbuzi walipompitisha. Mtoto alikuwa macho. Gari lilipoteremka kuelekea barabarani alianza kulia, na tulimsikia mpaka kwenye kona. Msichana alikuwa amesimama langoni, mikono yote miwili kichwani, na kifua cha gauni lake kikalowa maziwa, madoa mawili yakipanuka mpaka yakakutana. Hakujifunika. Sikuwahi kujua kwamba maziwa husikia.

Jumatatu asubuhi nilifika dispensari peke yangu. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akavaa sweta, akaita pikipiki, akaenda kule bomani. Akaambiwa kwa heshima kwamba mambo ya familia yamekwisha na mama mwenyewe ameshaondoka. Aliporudi alinikuta bado kwenye benchi.

"Mzee, nipe daftari."

Nikampa.

"Sikukatazi kuja kanisani ama kuja kutibiwa," akasema. "Lakini kwa nyumba za watu hutarudi. Unaelewa?"

Nilielewa. Katika jumuiya nilisimama wiki hiyo nikaeleza kosa langu, kwamba yule mama hakumdhuru mtoto, kwamba alimlinda. Walinisikiliza. Mmoja akasema ni unyenyekevu mkubwa mzee kusema hivyo, na nikaona kwamba hata kukiri kwangu wamekufanya sifa. Tangu hapo sitoi ombi kwa sauti.

Ilinichukua miezi sita kwenda Tala. Nilimkuta kwenye kibanda cha mama yake, akipanga sweta za watoto za mitumba juu ya karatasi la nailoni. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yametulia. Nesi wetu alimtafutia mtu wa kumtibu huko, na alikuwa amepona, alisema, tangu zamani. Alimwona mtoto mara mbili tu. Mara ya pili mtoto alimwita shangazi mama.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Aliendelea kukunja sweta.

"Umau, msamaha nitaufanyia nini?"

Mteja akaja, akauliza bei, akaondoka. Ndipo akasema, "Kuna ofisi ya watoto Machakos. Nesi amenipa barua ya kusema nimepona. Lakini watu wa mume wangu wana maneno yako, wanasema mwalimu alisikia kwa masikio yake. Nenda uyamalize yale maneno."

Tulienda wiki hiyo. Nilikaa mbele ya afisa, mwanamke kijana mwenye faili nyingi, nikasema kila kitu ambacho kile kiganja kilikizuia, na mito, na mbio, na daftari. Nikasema pia kwamba sikuwa mwalimu. Aliandika kwa mkono, akanisomea, nikatia sahihi. Alituambia ukweli: mtoto amezoea kule, sheria haiwezi kumng'oa kama mche, itabidi waanze na kuonana, na itachukua muda ambao hawezi kuutaja.

Waliita familia. Mara ya kwanza ya kuonana kwa utaratibu huo ilikuwa palepale ofisini, na msichana aliniomba nije, iwapo afisa angetaka kuniuliza tena. Shangazi alikuja na mtoto. Mtoto alikuwa anatembea sasa, amevaa viatu vyekundu. Msichana hakukimbia kumshika. Alikaa sakafuni karibu na mlango, akaweka mikono magotini, akamwita jina lake la nyumbani. Mtoto alimtazama, akatazama sketi ya shangazi, akaishika kwa mikono miwili na kuficha uso. Shangazi akamsukuma polepole mbele, naye akapiga yowe.

"Usimsukume," msichana akasema. "Wacha."

Akabaki pale chini. Dakika nyingi zilipita. Mtoto alichungulia, akajificha, akachungulia. Hakumkaribia. Nilikuwa kwenye benchi la nje, mlango uko wazi, na sikujua uso wangu unafanya nini mpaka msichana alipogeuka akaniona.

"Umau, nenda nyumbani," akasema. Hakuwa na ukali. "Wewe umeshasema. Hii ya kungoja ni yangu."

Nikachukua kofia yangu. Nyuma yangu alikuwa amemwita tena jina lile, kwa sauti ileile, na hakuna aliyemwitikia.